Mabinti wa Jhirlai Waitwa Kuhesabiwa

Jhirlai, 22 Agosti 2000

Mdogo wangu Dhapu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Begunda, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lenu. Sisi tu wazima. Wifi yako Mohri magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna tatizo lolote. Nyati amezaa ndama jike. Mvua imenyesha vizuri mno, hata njia ya kutoka hapa kwenda njia panda sasa wanaipita vyura tu, nao kwa taabu.

Nina jambo dogo la kuuliza. Siku ya rakhi, ambayo kila dada humfunga kaka yake uzi mkononi, imepita wiki nzima na uzi wako haujafika. Tangu uolewe, miaka thelathini na moja, haijatokea nikakaa siku ya rakhi mkono mtupu. Nilikaa barazani toka asubuhi nimekunja mkono wa shati, na kila aliyepita akaniuliza kama nimeumwa na nge. Nimemhoji tarishi, ameapa kwa watoto wake kwamba hajaona bahasha. Mwisho nikatoa uzi wa mwaka jana koponi nikaufunga mwenyewe kwa meno. Mohri alicheka mpaka akakaa chini.

Kama ni kwa ajili ya harusi ya binti yako Sugna, nilishakueleza. Nilikuwa na homa. Zawadi za mjomba nilizileta zote, hakuna hata kitambaa kimoja kilichopungua. Nilichelewa siku mbili tu.

Ni mimi kaka yako,
Ghisulal

*

Begunda, 19 Septemba 2000

Kaka Ghisulal,

Pokea salamu. Huku tu wazima. Mwenyewe anakusalimu (jina la mume haliandikwi, unajua). Sugna yuko kwa mumewe na anaandika kwamba mama mkwe wake anatia chumvi mara mbili. Wajukuu wote wawili wamepona surua.

Uzi sikutuma. Tarishi wa watu umwache.

Kwa kuwa umeuliza, nitakukumbusha. Siku ile nilisimama mlangoni na sinia mkononi, taa imewashwa, rangi nyekundu ya kukupaka kwenye paji imeshakorogwa, nikisubiri kaka yangu anifunike shela mbele ya watu, kama kila mwanamke afunikwavyo na kaka yake mwanawe anapoolewa. Nilisimama toka jua linatoka. Taa iliisha mafuta nikaongeza. Ikaisha tena. Saa nane mchana wifi yangu wa hapa, yule mwenye meno ya dhahabu, akasema mbele ya wageni mia mbili, "Labda kwao Jhirlai bado wanatafuta nani amzae kaka." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, maana ningefanya nini.

Wewe ulifika siku ya tatu, bibi harusi keshaondoka. Dalili ya homa sikuiona. Ulikula mikate ya mviringo ya kuchomwa kumi na moja na samli juu. Nilihesabu.

Dhapu

*

Jhirlai, 30 Septemba 2000

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia wajukuu wamepona. Hapa soya imeiva. Mohri anakusalimu na anasema nilivyomhadithia mimi ile mikate ilikuwa kumi na tatu.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakuandikia kama mjumbe wa baraza la kijiji, si kama kaka tu. Mwezi Mei alikuja Mwalimu Purohit, yule mrefu wa shule ya njia panda, kupiga namba kwenye nyumba. Alipaka namba kwa chaki nyekundu mpaka kwenye zizi langu, nikamwambia humo anakaa nyati. Sensa yenyewe ni Februari. Safari hii fomu ya kijiji inauliza mengi. Kituo cha basi kiko umbali gani? Nikamwambia kilomita saba, na wakati wa mvua ni saba za kwenda na kumi na nne za kurudi, kwa kuwa unarudi na tope lako mguuni. Usafiri uliopo? Nikamtajia: matrekta mawili, moja linawaka, mikokoteni ya ng'ombe ishirini na tatu, baiskeli kumi na moja, pikipiki ya Nathu ambayo inasukumwa zaidi ya inavyopandwa. Mwalimu akaandika neno moja: "Hakuna."

Lakini si hilo. Ametuambia kuna mpango mpya wa barabara za lami. Kijiji chenye watu mia tano na zaidi kinapata barabara, na basi linafuata. Chini ya hapo kinasubiri sensa nyingine, miaka kumi. Unajua Jhirlai tulionekana wangapi mwezi Mei? Mia nne sabini na mmoja.

Nimemuuliza Mwalimu sheria yote nikaiandika kiganjani. Mtu anahesabiwa kwake alipozoea kuishi. Lakini akiwa hayupo kwake siku zote za kuhesabu, tangu tarehe tisa hadi ishirini na nane Februari, anahesabiwa pale alipokutwa. Umeona? Si hila, ni sheria. Nimesimama barazani nikawaambia wanaume wenzangu: kila mtu amwite dada yake na binti yake, waje na watoto, wakae nyumbani kwa wazazi siku ishirini. Begunda nyie mko elfu mbili na basi mnalo mlangoni. Wakikukosa wewe hawatajua.

Njoo na wajukuu, na Sugna umchukue njiani. Ni watu wanne. Nina miaka sitini na moja, Dhapu. Nikisubiri sensa nyingine nitahesabiwa na majivu.

Kaka yako,
Ghisulal

*

Begunda, 12 Novemba 2000

Kaka,

Heri ya Diwali iliyopita. Tulikaanga vitu vitamu mpaka kuku wa jirani wakanenepa. Mwenyewe amenunua redio.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mwenyewe naye acheke. Nilipozaliwa mimi, binti wa nne na leo peke yangu niliyebaki, baba alinipa jina la Dhapu, yaani tumeshiba, mabinti wanatosha, Mungu asilete wengine. Leo Jhirlai inaona njaa. Nilipoolewa mama alinishika kichwa akaniambia, toka leo wewe ni mtu wa Begunda, hapa utakuja kama mgeni. Nikalia njia nzima. Basi nimekuwa mtu wa Begunda. Miaka thelathini na moja nimehesabiwa huku na hakuna aliyelalamika.

Siji. Wajukuu wana shule. Na wewe bado hujaniambia kilichokuchelewesha. Homa usiirudie, imechoka.

Dhapu

*

Jhirlai, 3 Desemba 2000

Mdogo wangu,

Baridi imeingia. Kitunguu saumu nimepanda shamba lote la upande wa mashariki, mwaka huu kitakuwa kama ngumi. Mohri magoti yake yamepata nafuu baada ya kupakwa mafuta ya haradali.

Mambo yanakwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Mabinti thelathini na tatu wameshakubali kuja, na watoto wao. Nathu amewaita dada zake watano, hata yule asiyeongea naye. Jumatatu sokoni nilieleza mpango wote kwa sauti, na watu walinizunguka kama nauza dawa. Hata shemeji yangu Onkar, kaka yake Mohri wa kule Kotdola, alikuwepo. Akaniuliza maswali mengi yenye heshima. Akaninunulia chai. Kotdola nao wako mia nne themanini na kitu, maskini.

Kuhusu ile homa, kuna homa za ndani ambazo hazionekani.

Nakuhesabia watu wanne. Usiniangushe.

Ghisulal

*

Jhirlai, 5 Januari 2001

Dhapu,

Mwezi mzima umepita bila jibu. Nimeacha kumuuliza tarishi, ameanza kupita njia ya nyuma.

Salamu sitazirefusha. Nakuandikia nikiwa zizini, kwa kuwa Mohri yuko nyumbani na hili hata yeye halijui lote.

Sikuwa na homa. Niliondoka Jhirlai siku moja kabla ya harusi, kabla hakujapambazuka vizuri, na trekta la Nathu, lile linalowaka. Nyuma kwenye tela nilikuwa na sanduku la bati, na humo shela lako jekundu lenye nyuzi za dhahabu, nguo za mama mkwe wako, za wifi yako wa meno, nguo za Sugna, vilemba kumi na viwili. Nilijua nitafika mapema, nioge, nivae kilemba kipya. Kwenye lile bonde la mti wa babuli tela lililala ubavu. Sanduku lilifunguka kama limengoja siku hiyo. Dhapu, nguo zote ziliingia topeni. Shela lako nililivuta kwa mikono miwili na lilikuwa zito kama ndama.

Ningeweza kufika kwa wakati. Kutoka pale ningetembea mpaka njia panda na ningepata gari la abiria. Ningesimama mlangoni kwenu na matope. Lakini nikawaona wale wageni mia mbili, na wifi yako na meno yake, nikaona unafunikwa shela la tope mbele yao. Nikarudi. Nilikwenda kisimani kwa binamu yetu Hira, si nyumbani, nikafua siku mbili, mimi mwenyewe, vilemba na sari, usiku na mchana mvua ikinidhihaki. Nikakausha juu ya moto wa kinyesi cha ng'ombe. Nikapiga pasi kwa sufuria yenye makaa.

Nilifikiri kuchelewa utanisamehe, kudharauliwa hutasahau. Nikakosea yote mawili.

Usije kwa ajili ya barabara. Sijui uje kwa ajili ya nini. Uzi tu ningetaka, hata kwa posta.

Ghisulal

*

Begunda, 20 Januari 2001

Kaka,

Huku tu wazima.

Shela lina harufu ya moshi wa zizi. Nililiweka juani mara tano, halitoki. Nikadhani umelinunua kwa mtu aliyefiwa. Ndani ya pindo upande wa kushoto mna tope kavu, ukubwa wa dengu tatu. Nilikuta siku ileile na nikangoja uniambie. Miezi sita umenilisha homa.

Umeniacha nisimame mlangoni kwa sababu ya wifi yangu. Kaka, wifi yangu angecheka hata ungeletwa na tembo.

Nakuja tarehe nane Februari na wale watatu. Masharti: sitapika kwa siku tano za mwanzo, na mtu asiniite mgeni. Mtindi uwe mzito.

Dhapu

*

Kotdola, 13 Februari 2001

Kwa Dhapu, nyumbani kwangu Jhirlai, kwa mkono wa muuza bangili

Mdogo wangu,

Karibu nyumbani. Naomba radhi kwamba umefika ukakuta kufuli, na ufunguo kwa Nathu. Nitakueleza, na ukicheka ucheke ukiwa mbali na majirani.

Tarehe tano alikuja mtu kutoka Kotdola kusema mama yake Mohri yuko kufani. Mohri akafunga mzigo akaondoka analia. Siku hiyohiyo mama yake mke wa Nathu naye akawa kufani. Kesho yake, mama wakwe saba zaidi. Nikasema ni tauni gani hii inayochagua mama wakwe wa Jhirlai peke yao. Mkwe wetu, mke wa mwanangu, akaondoka na watoto: bibi yake. Hapo ndipo nikaelewa ile chai aliyoninunulia Onkar sokoni.

Dhapu, sikulifikiria. Nilikuwa nahesabu mabinti wetu wanaorudi, nikasahau kwamba wake zetu wote ni mabinti wa vijiji vingine. Na kila kijiji kina mjumbe wa baraza mwenye kiganja na kalamu.

Tarehe saba nikatembea kilomita kumi na moja kuja kumchukua Mohri, nikijua tarehe nane nitakuwa nyumbani nikusubiri mlangoni. Mama mkwe nilimkuta anachambua dengu, mwenye afya kunishinda. Nikasema, Mohri, twende. Onkar akaingia kati na kiti. "Mkwe wa nyumba hii aondoke bila kula?" Nikala. Kesho yake kuhani wa hekalu akasema si siku njema ya kusafiri kwenda magharibi. Jhirlai iko magharibi. Keshokutwa pia. Mama mkwe anasema nikiondoka bila kuagwa rasmi kwa kilemba na nazi, yeye hatatia kitu kinywani. Kilemba kimeagizwa mjini na hakifiki. Kila siku napewa churma, mkate uliopondwa na sukari, yenye samli ya kuogelea. Siwezi kukataa, ni ukwe.

Waambie Jhirlai nakuja. Siku moja tu nikionekana kabla ya ishirini na nane, nahesabiwa huko.

Ghisulal

*

Jhirlai, 17 Februari 2001

Kaka, mateka wetu,

Muuza bangili amefika na barua yako na ameisoma kwa kila nyumba kabla ya hii. Kwa hiyo sikucheka mbali na majirani, tulicheka wote pamoja.

Hujawahi kuona Jhirlai hii. Mabinti wamejaa, wengine sikuwaona tangu tulipokuwa tunacheza na mbegu za mkwaju. Hakuna hata mmoja aliyefunika uso, tuko kwetu, tutajifunika kwa ajili ya nani. Tunakaa barazani penu pa wanaume na miguu juu. Wanaume wenyewe, wale ambao wake zao wako kwa mama zao wagonjwa, wanapika. Nathu aliweka chapati ya mahindi motoni ikatoka umbo la ramani ya nchi. Tukamwomba atupikie tena ile ya nchi jirani. Ile sheria yangu ya siku tano imekuwa siku ishirini, kwa mabinti wote, kwa kura ya mikono.

Jana alikuja Mwalimu Purohit na begi lake. Akaketi hapa mlangoni pako, akafungua fomu, akauliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" Nikamwambia ni kaka yangu, ameshikiliwa na samli. "Yupo?" Hayupo. "Mkewe?" Hayupo. "Mwanawe?" Yuko kwenye machimbo ya mawe kule Kota. "Mkwe?" Kwa bibi yake. Akavua miwani akasema, "Mama, ndani ya nyumba hii kuna nani sasa?" Nikamwambia, mimi, binti yangu, wajukuu wawili na nyati. Akaandika. Mkuu wa kaya: Dhapu. Sugna akamwambia aandike kwa herufi kubwa.

Niliivuta ile fomu nikaitazama. Nyumba hii baba hakunipa hata ukumbi wake. Mwalimu akadhani nimekasirika, akaniomba msamaha, nikampa mtindi.

Rudi, kaka. Wanasema tuko karibu kabisa na mia tano. Na Mohri mlete.

Dhapu, mkuu wa kaya

*

Kotdola, 25 Februari 2001

Mheshimiwa mkuu wa kaya,

Nimenenepa. Fulana yangu ya ndani inanibana kama pete. Nyati wangu asipewe mbegu nyingi za pamba.

Nimejaribu. Jana nilimwambia Mohri kwa ukali kidogo, leo tunaondoka, na kilemba wakivae wao. Alikuwa anachana nywele za mama yake. Hakugeuka. Akasema, "Miaka thelathini na minne nimehesabiwa kwenu. Sensa zote tatu. Na kila nikija hapa nalala siku tatu, unaanza kukohoa uani, tunarudi. Mara hii moja nihesabiwe kwetu. Wewe nenda."

Dhapu, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi nilirudi kukaa uani. Nilikuwa na barua yako mfukoni.

Sasa ananiambia nenda, na nina miguu, na sijaenda. Jioni tunakaa na mama yake, wanacheka mambo ya zamani, nikagundua kuna hadithi zake ambazo sijawahi kuzisikia. Kumbe aliwahi kuanguka kisimani. Miaka thelathini na minne.

Tarehe ishirini na saba nitatoka na mkokoteni wa Onkar, pamoja na Mohri au peke yangu. Hiyo ni ahadi kwa Jhirlai.

Ghisulal

*

Jhirlai, 11 Machi 2001

Mdogo wangu,

Natumaini mmefika salama Begunda. Tuliagana vizuri lakini kwa haraka, wewe unaondoka mimi naingia, na mbele ya watu waliokuwa wananitazama vile sikuweza kusema lolote.

Basi ilikuwa hivi. Tarehe ishirini na saba nilitoka kweli, peke yangu, mkokotenini. Mvua ya baridi ikanyesha, ile isiyotakiwa na mtu. Kijito kikajaa. Gurudumu likazama mpaka ekseli, na watu wa Kotdola wakaja kumi na wawili, kwa upendo mkubwa, wakanivuta nikarudi kulekule. Nikakauka siku ya ishirini na nane mbele ya moto wa Onkar. Mwalimu wao alinikuta nakula. Tarehe moja Machi, kilemba kikafika.

Leo Purohit ametuletea jumla. Mabinti na watoto wao waliingia hamsini na mmoja. Waliotoka ishirini na wanne. Jhirlai ni watu mia nne tisini na wanane.

Wamepungua wawili, Dhapu. Hakuna haja ya kusema ni nani na nani, kijiji kizima kinalijua. Kotdola wamepata mia tano na mmoja. Toa wawili uone.

Nathu hanisalimu. Kinyozi ananinyoa upande mmoja halafu anapumzika. Jana nimepita barazani, wakaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, wakaniruka. Mohri anasema nimlaumu yeye mbele ya watu. Nimeshindwa. Nilikaa kule kwa hiari yangu siku ambazo ningeweza kutembea, na nilikuwa na raha. Hilo ndilo siwezi kumwambia mtu isipokuwa wewe.

Miaka kumi mingine ya tope, kwa ajili yangu mimi niliyeleta wazo lote.

Kaka yako,
Ghisulal

*

Begunda, 20 Julai 2001

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi Mohri. Sugna ana ujauzito na atakuja kujifungulia hapa kwangu, kama inavyotakiwa. Redio ya mwenyewe imeharibika, nyumba imepata amani.

Uzi uko ndani ya bahasha hii, umeondoka mapema ili tarishi asihojiwe. Mwekundu ni wako, wa manjano mfungie Onkar ukimwona. Mtu aliyemlisha kaka yangu siku ishirini amekuwa ndugu, tutafanyaje.

Usijali wanaokuruka kwenye hesabu. Wataishiwa namba.

Dhapu

*

Jhirlai, 28 Oktoba 2001

Mdogo wangu,

Uzi ninao mkononi mpaka leo. Mohri mzima. Mwaka huu hakukohoa mtu uani, alikaa kwao siku kumi na mbili na mimi nilipika, chapati zangu zina umbo la bara zima.

Nakuandikia kwa haraka na mwandiko umepinda, usidhani ni homa.

Wiki iliyopita walikuja watu wa barabara, na darubini ya miguu mitatu, kwa ajili ya Kotdola. Onkar aliwapa heshima zote, akawaonyesha njia yao ya upande wa bwawa, ile waliyoitaka siku zote ili isipite karibu nasi. Mhandisi akaangalia, akasema huko kunahitajika daraja la mita themanini, hakuna kitu kama hicho. Akageuza darubini. Upande mwingine wa kufika Kotdola ni mmoja tu. Kutoka njia panda, bonde la babuli, katikati ya Jhirlai, kijito, Kotdola. Wamechomeka vigingi vyekundu toka nyumba ya Nathu mpaka ng'ambo ya kisima. Vigingi thelathini na sita vimepita katikati ya shamba langu la kitunguu saumu, kama vilijua ni la nani.

Kijiji kizima kilikuja kunitazama nimesimama shambani. Nathu akauliza, "Ghisu, utakataa?" Neno la kwanza toka Machi. Nikamwambia wachukue na kile kipande cha chini wakikihitaji. Kinyozi ameninyoa pande zote mbili.

Sasa wanasema barazani kwamba nilikaa Kotdola kwa makusudi, kwamba niliona mbali. Sijawasahihisha. Wewe pekee una barua zangu, na ukimwonyesha mtu nitakana mwandiko.

Tatizo moja lipo. Basi litaandikwa Kotdola mbele, kwa herufi kubwa. Jhirlai haipo kwenye orodha yao, hatuna hata kibao. Nathu anataka tupake jina letu ubavuni likiwa limesimama.

Ghisulal

*

Begunda, 15 Novemba 2001

Kaka,

Sugna amejifungua binti. Mama mkwe wake ameuliza kwa sauti nyembamba tutamwita nani. Nimesema, lolote isipokuwa langu.

Kitunguu kakipande upande wa magharibi. Ubavuni mwa basi msipake chochote, mtapigwa faini.

Litakapoanza kupita, nitasimama hapa stendi ya Begunda na shela langu la moshi, nitapanda, nitakata tiketi ya Kotdola kama wanavyotaka. Kondakta akiniuliza kwa nini namsimamisha shambani mahali pasipo na kibao, nitamwambia asimame tu, hapa ni kwetu.

Dhapu